Jua Lilipotea, Tukamshuku Mwokaji

Jua lilipopotea, tulifanya kile binadamu anachokiweza kuliko vyote: tulitafuta wa kumlaumu. Tungelilaumu jua lenyewe, lakini halikuwepo kujitetea. Tukamlaumu mwokaji mikate.

Mwanzoni hakuna aliyejua. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba mwanga wa jua husafiri dakika nane kabla ya kutufikia, nami nikamuuliza hiyo itanisaidia nini maishani. Basi dakika nane nzima jua halipo, na mtaa mzima unaanika nguo. Kisha giza, kama mtu kazima taa bila kuuliza nani bado anasoma. Nyota zikatoka mchana. Mwezi haukuonekana tena, maana nao ulikuwa unaishi kwa mwanga wa kuazima, kama mimi ninavyoishi kwa dada yangu. Na dunia, ikiwa haina tena cha kuzunguka, ikaondoka moja kwa moja kwenda isikokujua, kama lori lililokatika breki. Shemeji yangu ni dereva wa lori. Alikuwa safarini siku ile. Sisemi zaidi.

Siku za kwanza baridi ilikuwa ya sweta. Baadaye maji yakaganda bombani, majani yakawa meusi, umeme ukaaga, na udongo ukawa mgumu hivi kwamba ukiupiga jembe, linaloumia ni jembe.

Moto wa maana mtaani ulibaki mmoja: tanuri la Mzee Hamira. Tulimwita hivyo kwa sababu hata hasira zake zilichelewa kuumuka. Tanuri lenyewe lilikuwa la matofali, kubwa kama chumba. Upande mmoja wa ukuta wake ulitazama dukani, mwingine ulikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kuni na unga. Mzee alifungua duka, majirani tukahamia humo na magodoro yetu. Tulichoma makabati, tukachoma milango, nikachoma na dawati langu la shule kwa furaha kubwa. Kila mtu alipata mkate wake mdogo wa siku.

Dada alikuwa na kichanga. Tulimlaza kwenye trei ya mikate iliyotandikwa magunia, karibu kabisa na ukuta wa tanuri. Tulijaribu mara moja kumsogeza mbali ili watu wapite, midomo yake ikabadilika rangi. Hatukujaribu tena.

Kisha mikate ikaanza kupungua.

"Huu si mkate," alisema Bi Mizani, akiupima kiganjani. "Hiki ni kifungo cha koti."

Bi Mizani aliuza nafaka sokoni tangu ujana wake, na mkono wake ulipima vizuri kuliko mzani wa duka. Akisema umepunjwa, umepunjwa.

"Unga ule ulikuwa mwingi," akaninong'oneza. "Unakwenda wapi? Na kwa nini mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli? Na hivi, mwanangu, hukujiuliza? Wiki ile ile jua linapotea, yeye kanunua magunia mpaka dari. Alijuaje?"

Nilicheka, lakini nilianza kutazama. Mzee aliingia nyuma na taa wakati hapaokwi chochote, akatoka mikono myeupe hadi viwikoni. Akikutana na macho yangu, anainamisha yake. Nikamtazama dada akitafuna kile kifungo cha koti huku mtoto akivuta ziwa lisilotoa kitu. Kicheko kikaniisha.

"Wewe mwembamba," alisema Bi Mizani. "Kale kadirisha ka kuni kanakutosha. Nenda ukatuonee."

Nikapita, nikajibanza nyuma ya magunia. Mzee Hamira alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wa tanuri, anaubembeleza. "Kula, mama. Kula polepole." Na kweli anaulisha! Anachota donge bakulini, anausukumia.

Nikajua amerukwa na akili. Hilo kwa kweli lilinipa nafuu, mpaka alipoinua taa. Ufa ulitoka sakafuni ukapanda kunizidi kimo, na ndani yake palikuwa pekundu.

"Toka huko, panya," akasema bila kugeuka. "Unapumua kama ng'ombe."

"Mzee, huo ni unga wetu!"

"Unga, majivu na chumvi. Nyufa huzibwa kwa udongo. Haya, kachimbe udongo tukuone."

"Sasa kwa nini husemi?"

"Niseme nini? Kwamba ukuta wanaouegemea unaachana? Watagombania upande usio na ufa. Na wakikimbia humo gizani, nani atakanyagwa kwanza? Aliye chini, kwenye trei."

Nikakunja mikono ya sweta, nikaanza kuziba.

Nilipotoka kwa mlango, watu walikuwa wamesimama wakinisubiri.

"Haya, mpelelezi," alisema Bi Mizani. "Umeona nini?"

"Hakuna kitu. Ni... panya."

"Panya gani wa kukupaka unga hadi viwikoni?"

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Siku hiyo mdomo uliganda kama bomba.

"Wanakula wote wawili!" mtu akapiga kelele. "Watoke nje! Na dada yake atoke, huenda naye analishwa!"

Nje ilikuwa baridi ya kukausha mate. Mmoja alikwishainama kuishika trei.

Dada akanishika mkono, akaunusa. Akalamba kidole changu.

"Bi Mizani, hebu onja."

"Nionje mkono wa mwizi?"

"Si wewe unajua unga? Onja."

Akaonja. Akatema pale pale. "Majivu matupu! Hauliki huu!"

"Basi hakuna aliyeula," alisema dada.

Hapo ukuta ukalia, tak, na macho yote yakageuka huko. Niliona visigino vikiinuka, watu wakijiandaa kukimbilia upande mwingine. Bi Mizani akawahi kusimama juu ya trei, mguu huku na mguu huku.

"Asisogee mtu! Atakayemkanyaga mtoto huyu, leo mkono wangu utampima yeye!"

Hakusogea mtu. Ndipo Mzee akafungua mlango wa nyuma, akawaonyesha ufa.

Sasa tunaziba kwa zamu. Bi Mizani hana zamu, yeye yuko huko nyuma muda wote, anakoroga na kupima kila konzi. Si kwamba ameamini. Anasema anatulinda tusiibe, na kwamba bado hajajibiwa Mzee alijuaje. Mzee anasema magunia yalishushwa bei. Hilo nalo analitilia shaka.

Dada naye, kila nikitoka nyuma, ananisimamisha. "Onyesha mikono."

Naonyesha. Ikiwa myeupe, anamgeuzia mtoto ukutani na kujilaza. Anasema siku nitakayotoka nayo safi, ndiyo atakayonishuku.