Glavu Iliyopigwa Pasi

Shuka ya kumi na nane ilikuwa mezani na mvuke ukimpanda usoni alipokumbuka kuwa leo ni siku ya kliniki. Mpiga pasi wa dobi haombi ruhusa, anaiba saa. Akamwachia mwenzake pasi, akamnong'oneza, "Nifichie, shoga. Bosi akiuliza, nipo chooni." Akambeba mwanawe Pilipili mgongoni, akatokea mlango wa nyuma.

Pilipili alikuwa na miaka mitatu, na jina hilo alilipata kwa ukali wake. Miezi minne iliyopita, katika chumba hichohicho cha kupigia pasi, maana hapakuwa na mtu wa kumwachia, aliweka kiganja cha kulia juu ya pasi ya moto. Mama yake alikuwa amegeuka kuchukua hanga. Sekunde tatu, labda nne. Tangu hapo kila akishika pasi anakiona kile kiganja, na anaishika kutwa nzima, kwa sababu ndiyo inayowalisha.

Kidonda kilipofunga, hospitali ilimpa mtoto glavu ya kubana, iliyofumwa kwa nyuzi za mpira, ya kuvaa usiku na mchana, ili kovu lisivimbe wala kuvuta vidole. Mama aliithamini kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Juzi aliifua, akaona imekunjamana, akasema mwanangu hataenda mbele za watu na kitu kama hiki. Akaipiga pasi. Pande zote mbili, na mvuke juu, kama kola ya bwana harusi.

Kule kliniki, dada wa mazoezi ya viungo aliivuta kwa kidole kimoja. Ikabaki imelegea kama soksi kuukuu.

"Mama, hii imefanywaje?"

"Niliifua."

"Kufua tu hakulegezi hivi."

Angeweza kuongopa. Alimtazama mtoto, akashindwa. "Niliipiga pasi, dada. Nilitaka awe nadhifu."

Dada hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alijaribu kunyoosha kidole cha mwisho cha Pilipili. Hakikufika. Cha kando yake nacho hivyohivyo.

"Vimeanza kuvutwa. Tukizembea atabaki na ngumi. Hebu nenda stoo ukaombe nyingine, kisha urudi hapa."

Mtunza stoo hakuinua hata kichwa. "Mtoto mmoja, glavu moja, miezi sita. Yako ina miwili tu. Saini hapa."

Kwenye fomu, penye sababu, mtunza stoo alikuwa ameshajaza: uzembe wa mzazi.

"Nikisaini napata leo?"

"Leo? Miezi minne iliyobaki ikiisha. Kwani karatasi ya maelekezo hukupewa?"

"Nilipewa, baba. Ilikuwa ya Kizungu."

"Hata sisi zinatujia hivyohivyo. Saini, wenzako wanasubiri."

Mama alisaini, kwa kuwa mwenyewe aliamini ni uzembe wake. Kisha, kabla hajairudisha kalamu, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: NA KARATASI ILIKUWA YA KIZUNGU.

"We mama! Hapo hapaandikwi kitu!"

"Nimeshaandika."

Dada wa mazoezi aliposikia alishusha pumzi. "Basi itabidi ufanye kwa mikono. Mara sita kwa siku. Paka mafuta, nyoosha kidole mpaka ngozi ya kovu iwe nyeupe, hesabu hadi thelathini. Atalia sana. Usimwachie."

Hakusubiri kufika nyumbani. Alikaa kwenye benchi la korido, akampakata Pilipili, akakishika kile kidole cha mwisho, akaanza. Alipofika tano mtoto alijipinda. Alipofika kumi alipiga yowe, "Mama mbaya! Mama unaniunguza!"

Foleni nzima iligeuka. Bibi mmoja akasimama kabisa. "Wewe, mbona unamtesa mtoto hivyo? Huna hata huruma? Au si wako?"

"Ni wangu, bibi," alisema, machozi yakimdondoka hadi kwenye mkono wa mtoto. Hakulegeza. "Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja."