Makovu ya Vuli

Garrett wa ofisi ya misitu alikuja na karatasi mkononi na uso wa kuomba radhi, nikajua. Kibali cha kuchoma vichaka hakuna.

"Dada Lorna, wakubwa wanasema tusubiri mwakani."

"Mwakani!" Nilipandwa na hasira. "Hebu tazama ng'ambo ya mto."

Ng'ambo misonobari ilikuwa imekufa wima, myeusi, tangu ule moto wa kiangazi. Huku kwetu vichaka vimefikia matawi ya chini, na nyuma yake ni nyumba ya mama. Binamu zangu wanne walikuwa wameshajipanga, maji mgongoni. Mvua kubwa inaanza kesho. Msitu ukilowa, ndiyo basi mwaka huu. Na kiangazi hakiombi kibali.

"Wanasema moto wa zamani hapa ulikuwa wa radi tu, haukuwashwa na watu," akajitetea.

Ala! Nikamvuta mpaka kwenye kisiki cha msonobari mkongwe. "Hesabu makovu."

Akapiga magoti. Si mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Kovu, kisha duara nane, yaani miaka minane, kovu. Duara sita, kovu. Baada ya hapo duara mia na ushei, safi.

"Kovu limekaa wapi ndani ya duara? Radi hupiga kiangazi, mti ungali unakua. Haya yote yako ukingoni, mti umeshalala. Ni vuli, watu wetu wameshaokota njugu za mwaloni. Radi gani hiyo, bwana, inayosubiri watu wavune kwanza?"

Akainama zaidi. Kidole chake kilikuwa kwenye kovu la mwisho.

"Hilo ni la moto wa babu yangu," mama akasema nyuma yetu. Ana miaka themanini na mitatu, na mkononi alishika mwenge unaowaka. "Serikali ilimfunga kwa kuuwasha. Dawa ya moto ni moto, mjukuu wangu."

"Bibi, ukiwasha itabidi nikukamate."

"Nikamate. Nimeshavaa soksi nzito, jela kuna baridi."

Binamu zangu wakacheka. Garrett hakucheka. Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono apewe mwenge.

"Naanzia wapi?"

"Juu ya mteremko," mama akamwambia, akimpa mwenge. "Ukianzia chini, moto utapanda mbio, utuue. Uache ushuke wenyewe, taratibu."

Nililia, wala sikuona haya.

"Na wakinifukuza kazi?" akauliza.

"Utakuja kula samaki kwangu," mama akasema. "Nyumba itakuwepo."