Karakana Iliyokuwa Ndani ya Jicho

Saa tatu asubuhi, fundi wa milango ya chuma, ambaye wenzake humwita Cheche, aliketi mbele ya daktari wa macho. Katika jicho lake la kulia damu ilikuwa imetuama chini, kama chai iliyosahauliwa kwenye glasi. Akiinamisha kichwa, nayo inahama. Mkononi alikuwa na barua ya bosi: "Huyu ana kisukari. Jicho si la kazini."

Daktari aliiweka barua kando, akapima. Sukari sawa. Presha sawa.

"Kuna kitu kilikupiga?"

"Kipande cha chuma, dada. Kiliruka kwenye mashine ya kukatia."

"Miwani ya kinga hamna?"

"Tunayo! Hutoka kabatini siku ya mkaguzi, tunapigwa picha, inarudi kulala."

Daktari aliwasha taa, akachungulia kwa darubini. Juu ya damu ilisimama karakana nzima, kubwa kama punje ya dengu: mashine, mafundi, kabati lenye kufuli, na bosi mwenye ufunguo shingoni. Aliandika yote kwenye fomu. Kwa fomu hiyo, jicho lilikuwa la kazini, na matibabu yalikuwa juu ya bosi.

Bosi aliitwa. Akachungulia.

"Tumbo langu si kubwa hivyo," alilalamika.

"Mimi naandika ninachokiona."

"Ehee! Unachokiona?"

Bosi akamwinamia Cheche hadi ndevu zikamtekenya shavu, akalinong'oneza jicho: "Wewe! Fungua kabati. Wape miwani."

Bosi mdogo, yule wa ndani ya jicho, alitii. Kufuli lililia kama chawa anayevunjwa kwa ukucha.

"Mwenye macho haambiwi tazama, daktari. Lakini tazama tena."

Daktari alitazama, akashusha pumzi, akafuta mstari. Akaandika: Miwani inavaliwa. Fundi aliumia kwa uzembe wake.

Cheche alilala wiki nzima kichwa juu ya mito mitatu, jicho limefunikwa kwa kigao cha kulikinga, mkewe akimkataza hata kupiga chafya. Damu ikaisha. Karakana ikabaki.

Jumatatu alirudi kazini. Kabati lilikuwa na kufuli lake.

"Bosi, na sisi je?"

"Kwani hamjapewa? Soma fomu."

Ndani ya jicho, Cheche mdogo aliweka sawa miwani yake, akawasha mashine. Cheche mkubwa akageuza uso pembeni, akawasha ya kwake.