Uji Ndani ya Chupa ya Maabara

Mwalimu Mureithi alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu ya namna hiyo humtia mtu taabuni. Tangu ahamishwe kutoka Nyeri kuja kufundisha kemia katika shule moja ya wasichana karibu na Katito, mama mwenye nyumba, Mama Adero, alimletea kikombe cha uji kila jioni. Uji wenyewe ulikolea ukwaju, ambao Waluo huuita chwaa, ukali wa kumfinya mtu mataya. Mureithi hakuuweza. Lakini angesemaje, naye ni mgeni, na mama wa watu ameuvusha ua mzima akiufunika kwa kisahani? Alitabasamu, akashukuru, kisha akaenda kuumwaga nyuma ya choo.

Ijumaa hiyo alikuwa na jambo zito kuliko uji. Jumatatu wasichana wake wangefanya mtihani wa taifa wa maabara. Wangedondosha pamanganeti, ile kemikali ya zambarau, ndani ya chupa, tone kwa tone, hadi maji yageuke waridi hafifu. Asiyeliona waridi hilo papo hapo, alama zake zimekwenda. Na chupa za shule, zenye tumbo pana na shingo nyembamba, zilikuwa zimegandwa na madoa ya kahawia ndani, kwa kuwa miaka yote watu walizilaza na pamanganeti bila kuzisafisha. Katika mtihani wa majaribio, Awuor, msichana aliyejikaza kuliko wote ili aje kuwa muuguzi, aliinua chupa yake dirishani akalia machozi. "Mwalimu, mimi naona tu brown."

Kilio hicho kilimkosesha Mureithi raha. Alijaribu sabuni, akajaribu majivu, akajaribu brashi ambayo haikufika pembeni. Asidi ya shule ilikuwa imekwisha. Muuzaji wa Kisumu alisema chupa mpya zingefika wiki ijayo, yaani mtihani ukishapita.

Jioni alibeba chupa moja hadi nyumbani, akawa anaikwangua kwa waya Mama Adero alipoingia na uji. Safari hii hakuondoka.

"Leo nangoja kikombe, mwalimu. Kunywa tu, mimi nikafungie kuku kwanza."

Mama alipogeuka, Mureithi alishikwa na kiwewe, akaumimina uji wote ndani ya chupa na kuisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Mtamu sana, Mama," akasema akirudisha kikombe, uso ukimchoma kwa aibu.

Asubuhi aliivuta chupa, akamwaga, akasuuza. Kuanzia chini hadi pale uji ulipofika, kioo kilikuwa kimetakata, unaona vidole upande wa pili. Juu ya hapo, kahawia ile ile; ukali wa chwaa ulikuwa umefanya kazi ya asidi. Mureithi alicheka peke yake kama mwehu. Kisha kicheko kikamkauka, maana alijua anakopaswa kwenda na anachopaswa kusema. Angeweza kudanganya kwamba anaipenda sana chwaa, lakini hapo angeletewa sufuria nzima.

Mama Adero alikuwa akifagia.

"Mama, naomba chwaa. Nyingi."

"Ya uji?"

"Hapana, Mama. Uji wako... mimi sinywi. Nimekuwa nikimwaga."

Ufagio ulisimama. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Na vile natafuta sukari nikuwekee wewe mgeni!"

Mureithi alitamani ardhi immeze. Akamwonyesha chupa, akamweleza habari ya waridi na machozi ya Awuor. Mama Adero aliinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza polepole.

"Hii ni ya watoto wa mtihani?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi maneno ya uji tutaongea siku ingine."

Aliingia ndani, akatoka na kikapu cha ukwaju alioukusudia kuuza sokoni, akatangulia njia ya shule. Jumamosi nzima wasichana walimenya na kuloweka, naye amekunja mikono ya gauni, anawaamrisha: "Jaza mpaka shingo! Usiache hapo juu!" Jumapili baada ya ibada walisuuza, na meza za maabara zikajaa vioo vyeupe.

Jumatatu Mureithi alingoja nje ya maabara bila kutulia. Awuor alitoka miongoni mwa wa kwanza.

"Mwalimu, niliona. Hata sikubahatisha."

Mureithi alimpa mkono kwa furaha. Alingoja wote watoke, akawauliza mmoja mmoja, halafu akaenda moja kwa moja sokoni. Mbele ya wateja aliushika mkono wa Mama Adero kwa mikono yake miwili.

"Erokamano, Mama," akasema, yaani asante, neno la kwanza la Kijaluo alilowahi kuthubutu, akalitamka vibaya hata wateja wakaangua kicheko.

Mama Adero hakucheka. "Waliona wote?"

"Wote, Mama. Kila mmoja."

Mama Adero alivuta leso, akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kilio cha furaha.