Maneno ya Chumba cha Tatu

Mara mbili msimamizi wa ile nyumba ya michezo alimpigia simu kumwalika, na mara mbili fundi cherehani akatoa udhuru. Mara ya kwanza alisema ana nguo za harusi za watu sita. Mara ya pili alisema mguu unamsumbua, jambo ambalo lilikuwa kweli siku zote na halijawahi kumzuia kwenda popote. Mara ya tatu simu ilipokelewa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, naye akakubali kwa niaba yao wote wawili kabla hata ya kuuliza ni wapi.

"Wifi, miezi minne hii umejifungia mwenyewe," alisema akirudisha simu mezani. "Twende tukafungiwe na watu wengine, angalau tupate mabadiliko."

Fundi akacheka bila kupenda.

Mumewe alikuwa ameigiza katika nyumba hiyo kwa miaka mitano. Watu hulipa ili wafungiwe humo saa nzima. Hupita chumba hadi chumba wakitafuta funguo na kufumbua mafumbo, huku waigizaji wakiishi humo kana kwamba ni kwao. Yeye alikuwa baba mwenye nyumba, mtu aliyempoteza binti yake. Fundi hakuwahi kwenda kumtazama. "Ukija nitacheka, nitawaharibia wenzangu kazi," mumewe alimwambia, naye hakusisitiza.

Fundi alikuwa na sababu yake ya kutokwenda. Binti yao wa pekee alifariki akiwa na miaka sita, kwa homa ya mapafu, na mumewe hakutoa hata chozi. Kubwa zaidi ni kwamba dakika za mwisho hakuwepo. Fundi alitoka wodini kidogo kwenda kunawa uso, na aliporudi akakuta kiti kitupu. Mume alirejea baada ya saa nzima, jasho likimtiririka, mtoto ameshafunikwa shuka. Alipoulizwa alikokwenda alijibu neno moja tu: "Nilitoka." Kwa miaka tisa fundi aliishi naye, akampikia, akamfulia, akamwuguza mpaka mwisho, lakini hakumsamehe. Na kwamba mtu wa namna hiyo alilipwa kuigiza uchungu wa mtoto, hilo lilimkaa kooni.

Walikwenda Jumamosi, saa nane mchana. Msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliwapokea mwenyewe mlangoni. Alizifungia simu zao kabatini, akawapa masharti: mtu akizidiwa ainue mikono yote miwili, na mchezo utasimama papo hapo.

"Leo mko peke yenu," alisema. "Aliyeshika nafasi ya mzee ni mwalimu wa shule ya msingi, anatuigizia mwisho wa wiki. Mzee ndiye aliyemfundisha kila kitu. Sijamwambia ninyi ni nani, asije akatetemeka."

Chumba cha kwanza kilikuwa sebule. Wifi alikivamia kama dalali aliyekuja kukamata mali. Alipekua mito, akapanda kiti, akachungulia nyuma ya saa ya ukutani, kisha akamwuliza mwigizaji wa kike aliyekuwa akipiga pasi kwenye kona kwa nini nyumba ina vumbi namna ile na yeye yupo. Yule mwanamke akauma mdomo asicheke. Fundi ndiye aliyeupata ufunguo. Aliona pindo la pazia limeshonwa kwa mkono, mishono mikubwa inayoyumba, akautambua mkono wa mumewe. Alimfundisha mwenyewe kushona pindo, wala hakufuzu. Akazikata nyuzi kwa meno, ufunguo ukamwangukia kiganjani.

"Kaka alikuwa anashona kama anafunga gunia," wifi akasema.

Wakacheka wote wawili.

Jikoni hawakukaa sana. Namba za kufungulia mlango ziliandikwa chini ya vifuniko vya sufuria, na kwa sufuria wifi hakuwa na mpinzani. Mlango ukafunguka, wakaingia chumba cha tatu.

Kilikuwa chumba cha mtoto. Gauni dogo lilitundikwa msumarini. Juu ya kitanda kifupi alikaa mwanamume wa makamo, mikono magotini, akitazama sakafu.

"Mzee, tupe ufunguo, dakika zinakwisha," wifi akamwambia.

Mwanamume aliendelea kutazama sakafu.

"Haya, shikamoo mzee."

"Marahaba," yule mtu akajibu bila kuinua uso.

Fundi alikuwa analitazama lile gauni. Akauliza swali lililomjia mdomoni lenyewe. "Mtoto yuko wapi?"

Mwanamume akainua uso.

"Alisikia baridi miguuni," alisema. "Mwili wote unawaka moto, miguu baridi. Mama yake alikuwa ametoka kunawa uso. Akaniita, akasema, baba, nyumba za miguu yangu ziko wapi? Soksi aliziita hivyo, nyumba za miguu. Nikatafuta kwenye mfuko, hazimo. Akasema, nenda kaniletee zile za njano, kimbia, mama asijue. Nikakimbia. Gari sikupata. Nikakimbia kwenda, nikakimbia kurudi. Niliporudi nazo walikuwa wameshamfunika."

Fundi akashika ukingo wa kitanda. Watu watatu tu duniani walijua neno lile, nyumba za miguu, na wawili wako kaburini. Hata wifi hakuwahi kulisikia.

"Nani kakwambia hayo?"

Mwigizaji alidhani ni sehemu ya mchezo, akarudisha macho sakafuni. Fundi akainua mikono yote miwili. Taa kubwa zikawaka, na msimamizi akatokea mlangoni.

"Mama, unaumwa?" Mwalimu alikuwa amesimama, sauti yake imekuwa nyingine kabisa.

"Nimekuuliza, nani kakwambia maneno hayo?"

"Ni ya mzee aliyenitangulia, mama. Katika mchezo ulioandikwa, baba anajibu tu kwamba mtoto amesafiri. Mzee akatunga haya mwaka wake wa kwanza, watu wakayapenda, yakabaki."

"Hakuyatunga," fundi akasema. Alikaa kitandani, magoti yake yakafika karibu na kidevu. "Alikuwa anayasema mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku. Jumamosi mara nne."

"Akilia?"

"Kila mara. Sisi tulidhani ni kipaji. Nilimwomba anifundishe kulia vile, akanicheka."

Wifi alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga.

"Na mtu akimwuliza kwa nini hakumwambia mama yake?"

Mwalimu akamtazama msimamizi, naye akatazama kando. "Swali hilo sijawahi kuulizwa. Lakini jibu alinipa."

"Nipe na mimi."

Alirudi kukaa kitandani, ubavuni mwake, kana kwamba hangeweza kulisema amesimama.

"Kwa sababu mfuko wa hospitali aliufunga yeye. Akijua mtoto ameondoka akiulizia kitu alichokisahau, atamfuata. Nikaona bora anichukie mimi. Akinichukia, ataishi."

Fundi alikumbuka juma la mwisho la mumewe. Usiku mmoja mumewe alimwomba asirudi nyumbani, akae naye wodini, na yeye akamjibu, "Mimi si wewe. Siondoki." Mumewe alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Najua," akageukia ukuta. Wakati ule alidhani ni aibu iliyomgeuza.

Msimamizi aliomba radhi mara nyingi. Alisema maneno yale yataondolewa leo leo. Fundi hakumjibu ndiyo wala hapana. Hakuona kama yalikuwa yake ya kutoa ruhusa. Nje jua lilikuwa bado kali. Wifi alimshika mkono mpaka kituoni.

"Hukujua, wifi," alimwambia.

"Alikuwa mezani kwangu miaka tisa. Nilimwuliza mara moja tu, na nilikuwa napiga kelele."

Jumatatu asubuhi fundi alifunga duka, akaenda ofisi ya makaburi. Kulikuwa na jambo ambalo hata wifi hakulijua. Kando ya kaburi la binti yao palikuwa na nafasi moja, na mume alipofariki, fundi aliwaambia wachimbaji kwamba ile ni yake mwenyewe, wampeleke mzee upande wa pili, karibu na ukuta.

Karani alimsikiliza vizuri. Akamweleza kwamba maiti haihamishwi hivi hivi. Inahitaji amri ya mahakama, na hata ikipatikana, si kabla ya miaka kadhaa. "Pole, mama," alisema, na alionekana kumaanisha.

Fundi akatoka. Alisimama kwa binti yake kidogo, kisha akashika njia ya kokoto kwenda ukutani, mguu ukimuuma. Majani yalikuwa yameota juu ya mumewe, mengi, kwa sababu hakuwa amekuja tangu siku ya mazishi. Akapiga magoti, akaanza kuyang'oa kwa mikono, akisema naye kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu aliyechelewa kurudi kutoka kazini. Mfagiaji aliyekuwa jirani alisikia sauti, akasogeza ufagio wake mbali.