Mishono Mitatu Ndani ya Kola

Mabadiliko yalitangazwa Jumatatu ya pili ya Februari, kwa sentensi mbili, baada ya habari za mchana. Marino, aliyeuandika mchezo wa redio wa *Ng'ambo ya Kochi* kwa miaka kumi na tano, alikuwa ameondoka. Tangu wiki ile mchezo ungeandikwa na watu watatu chini ya Sandra. Sababu haikutolewa.

Ludara, katika wilaya ya Koboko, kikundi cha wasikilizaji kilikutana kila Jumatano saa kumi jioni kwenye baraza ya Concy, fundi wa kushona nguo. Walikuwa watu thelathini hivi, wa msikitini na wa kanisani. Concy alikuwa na daftari la nne sasa. Ndani yake aliandika tarehe ya kila kipindi na lililotokea. Ubishi ukizuka kuhusu nani alimwoa nani mwaka gani, daftari lilifunguliwa na ubishi ukaisha.

Katika kipindi cha kwanza cha waandishi wapya daftari lilipata makosa matatu. Kinu kilichoteketea mwaka 2018 kilikuwa kinasaga. Mke wa chifu alikuwa na mtoto ambaye hakuwahi kumzaa. Muhogo ulivunwa wiki sita baada ya kupandwa. Afande Jale, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa mwenyekiti, alisema watoto hao wa Kampala wanadhani muhogo unaota dukani. Watu walicheka, lakini hawakusamehe. Wiki ya tatu waliandika barua ya kutaka Marino arudishwe. Ilipata majina sitini na moja, tisa kati yao alama za vidole gumba. Jina la Concy lilikuwa la kwanza.

Alikuwa na sababu yake, na wachache waliijua. Mwanawe Moris alikwenda Yei, ng'ambo ya mpaka, Juni 2016 kufyatua matofali. Mwezi uliofuata vita vilifika huko, na habari zake zikakatika. Mwaka 2017 Concy alikwenda Arua kuomba tangazo redioni. Marino alimwambia tangazo husomwa siku tatu na kusahauliwa, lakini mchezo husikika kwa miaka, hata makambini. Akamtunga Yangi, kijana aliyepotea ng'ambo ya mto Kochi, asiye na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kama Moris, na mama anayemtafuta, Mama Yangi.

Waliwekeana masharti mawili. Yangi hatakufa wala hatarudi mpaka Concy mwenyewe aseme. Na alama moja haitatajwa hewani kamwe: ndani ya kola ya kila shati alilomshonea mwanawe, Concy alitia mishono mitatu ya uzi mwekundu. Watu wawili walikuwa wamemletea habari za uongo tayari. Wote walikijua kidole. Mishono hakuna aliyeijua. Mtu wa kweli angetambulika kwa hiyo.

Jumatano ya tano, katika mchezo, mgeni alimfikia chifu akamweleza kwamba zamani, wakati wa vita, alimzika kijana kando ya kijito. Kijana alikosa kidole kidogo cha kushoto. Alivaa shati jeupe, na ndani ya kola kulikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu.

Baraza liligawanyika papo hapo. Poni, muuza samaki mkavu, alisema afadhali. Miaka minane ya kumlilia Yangi imetosha, mama wa watu apumzike. Jale alisema hao wapya wanaua watu kwa sababu wameshindwa kuwalisha.

Concy alikuwa ameondoa mguu kwenye cherehani. Kalamu ilikuwa juu ya daftari, na ukurasa ulikuwa mtupu.

"Mama Moris, andika," Jale alimwambia. "Hii uongo yao yote iandikwe."

Alijibu kwamba ataandika kesho.

Usiku ule alilipima jambo. Ama Marino aliwaambia waandishi wapya alama yao, na hapo alikuwa amevunja ahadi. Ama mtu mwingine aliliona lile shati. Alitamani iwe la kwanza. Asubuhi alitia barua ya kikundi mkobani akapanda gari la Arua.

Redio ilikuwa chini ya Arua Hill, katika nyumba ya zamani yenye paa la mabati mekundu. Sandra, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, alimpa kiti na kumsikiliza bila haraka. Alikiri kosa la muhogo. Kuhusu Yangi alikuwa na hesabu: kati ya kila jumbe kumi za wasikilizaji, nne ziliomba hadithi yake imalizwe. Concy alisema hakuja kubishana na hesabu. Alitaka kujua uzi ulitoka wapi.

Sandra alileta faili. Barua za wasikilizaji, alieleza, hupangwa kwa jina la mhusika, si la mwandikaji, ili waandishi wapate mawazo. Faili la Mama Yangi lilikuwa nene kuliko yote. Watu walimpa pole, walimtajia waganga. Mzee mmoja wa Maracha aliomba kumwoa. Karibu na chini kulikuwa na karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule.

"Tulifikiri huyu mtu anatupendekezea hadithi," Sandra alisema. "Wengi wanafanya hivyo."

Barua ilianza: *Mama Yangi, nimesikia wewe kwa redio.* Iliandikwa na Sebit, mkimbizi kutoka Yei, aliyekaa kambi ya Omugo. Septemba 2016 yeye na wenzake wawili walimkuta kijana amekufa kwenye njia ya kwenda Morobo, karibu na kijito. Hakuwa na kitambulisho. Walipomgeuza kumvika vizuri waliona mishono mitatu myekundu ndani ya kola, na mkono uliokosa kidole. Walimzika kati ya mawe mawili, kichwa upande wa mashariki. *Usitafute tena, Mama,* iliisha barua. *Tulimuombea.*

Pembeni kulikuwa na maneno ya penseli, kwa mwandiko ambao Concy aliujua: *Isitumike. Nitakwenda Ludara mwenyewe. 14/3/2022.*

Aliisoma mara mbili. Tangu tarehe ile miaka mitatu ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo Marino aliandika vipindi vingi ambamo Mama Yangi aliulizia mwanawe mpakani, na Concy aliviandika vyote daftarini.

Sandra aliangalia uso wake, kisha karatasi.

"Mama, Yangi ni nani?"

"Ni Moris," Concy alisema. "Mtoto yangu."

Sandra alisimama, akaketi tena. Baadaye alisema kipindi kijacho kimekwisha kurekodiwa lakini anaweza kukizuia. Anaweza kuufuta uzi, kukifuta kifo chenyewe. Concy alimwuliza kwanza, katika hicho kilichorekodiwa, nani anamwambia Mama Yangi. Sandra alisema chifu anampelekea barua.

"Barua hapana. Mutu akuje kwa mulango, akae chini, aseme na mudomo yake."

"Na uzi?"

"Uzi ibaki."

Sandra aliandika yote mawili. Akampa nakala ya barua ya Sebit, kisha akaona karatasi nyingine, ile yenye majina, ikichungulia mkobani, akauliza kama nayo ni ya ofisi. Concy alisema ni ya watu wa Ludara, atawarudishia. Marino alikaa Mvara, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Concy alijua hivyo, na hakwenda.

Alikwenda Omugo kwa boda. Sebit hakuwa mgumu kupatikana. Namba ya nyumba ilikuwa juu ya barua. Alikuwa mtu mwembamba, anasuka kiti cha kamba mbele ya nyumba. Concy alipotaja barua, aliinuka.

"Wewe ni Mama Yangi?"

Concy alikuwa ameandaa maelezo: mchezo, Marino, jina la kutunga. Hakuyasema.

"Ni mimi."

Sebit alimpa kiti, akajikalisha chini. Alimwambia kwamba baada ya kutuma barua alisikiliza kila Jumatano. Kila Jumatano alimsikia anauliza bado, analia bado.

"Mimi nasema, huyu mama nakataa maneno yangu. Yeye nadhani mimi ni muongo."

"Barua yako haikufika," Concy alisema.

Kisha Sebit alimsimulia yote tangu mwanzo, na alipoulizwa alirudia. Shati, mawe, kijito, sala, majina ya wenzake wawili. Mmoja yu hai, yuko Yei. Alichora njia nyuma ya nakala ya barua. Hakuongeza kitu ambacho hakukiona.

Concy alirudi Ludara Ijumaa, akawaambia ndugu zake, kisha Jale. Matanga yalikaa siku nne. Jale alijipa kazi ya kugawa maji, na hakusema lolote juu ya muhogo.

Jumatano baraza ilijaa. Wengine walidhani redio haitafunguliwa; Concy aliifungua mwenyewe. Katika mchezo mgeni alibisha hodi. Mama Yangi alimkaribisha. Kiti kikasikika kikivutwa, kisha mgeni akasema, taratibu, tangu kijito mpaka uzi. Poni alijifunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyesema kama waandishi wapya wamepatia au wamekosea.

Kipindi kilipoisha, Jale aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu barua ya kikundi. Concy alimrudishia. Jina lake mwenyewe alikuwa amelikata kwa mstari. Mengine sitini yalibaki kama yalivyokuwa. Anayetaka kuipeleka, alisema, aipeleke.

Akafungua daftari. Palipobaki patupu aliandika tarehe ya wiki iliyotangulia na neno la mgeni kwa chifu. Chini yake akaandika tarehe ya siku ile, na mstari mmoja: *Mama Yangi ameambiwa.*