Mkataba wa Moshi Uani Kwetu

Mjukuu wangu wa kike alikuwa akitafuta kazi kwa wakubwa wanaopima kama mikataba ya mataifa inapunguza kweli moshi unaoipasha dunia joto. Walimwambia aje na mfano mdogo, aueleze mbele yao. Akaanzia uani kwetu.

Watatu tukatia sahihi kupunguza moshi: mimi, muuza chai, na fundi cherehani mwenye pasi ya mkaa. Fundi viatu wa ng'ambo ya ukuta akakataa. "Mimi si mwanachama wa kikohozi chenu," alisema.

Mjukuu hakununa. Alisema asiyesaini ndiye wa kutulinganisha naye. Akatundika vipima moshi uani kwetu, na kwa fundi viatu pia.

Mwezi ulipokwisha alinikumbatia. "Bibi, moshi wenu umeshuka hadi siamini. Wa fundi viatu umepanda. Mkataba unafanya kazi! Kesho nawaambia hivyo, na kazi naipata."

"Mungu akujalie," nikajibu, macho nimeyapeleka pembeni.

"Ila ngoja nikamuulize kwa nini wake umepanda. Wataniuliza tu."

"Mtu akiwa kazini hasumbuliwi, mama."

Alishatoka. Nikamfuata kwa kasi ya magoti yangu. Nilimkuta amesimama mlangoni kwa fundi viatu. Birika la muuza chai lilikuwa linatokota. Fundi cherehani alikuwa anapepea pasi yake. Na pale kando, maharage yangu.

"Karibu chai," fundi viatu akamwambia. "Siku hizi hapa haikosekani."

Mjukuu akanigeukia. "Bibi, kitendawili."

"Tega," nikasema kwa sauti ndogo.

"Hana miguu, kahama nyumba."

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Moshi wako."

"Mkataba ulisema uani," muuza chai akajitetea. "Huku si uani."

Mjukuu akajikalia kwenye kigoda, kainamisha kichwa. Nikadhani analia. Kumbe anajumlisha: wa kwetu na wa fundi viatu ukiuweka pamoja, moshi ulikuwa ule ule wa zamani.

Kesho yake wakubwa wakamuuliza kama mkataba ulifanya kazi.

"Ulifanya kazi ya hamali," akasema. "Uliubeba moshi ukautua kwa jirani."

Walicheka, kisha wakatazamana, maana nao walikuwa na mataifa yao ya namna hiyo. Kazi akapewa.

Alichotumwa kwanza ni kurudi kwetu na mkataba mpya, safari hii fundi viatu akiwa ndani. Tulisaini wote bila ubishi. Jioni ile mimi na muuza chai tukaenda kumjulia hali jirani wa nyuma ya fundi viatu, mtu ambaye hatujawahi hata kumsalimia.